"Bei ni ndogo": habari au hukumu?

SWALI: Mwalimu, asalaam aleikum. Tumebishana barazani. Mimi nashikilia kuwa "bei ya karafuu ni ndogo" ni ukweli, maana bei yenyewe kila mtu anaijua. Mwenzangu ananambia hayo ni maoni yangu tu. Kiswahili kinasemaje? (Mkulima, Wete)

JIBU: Waaleikum salaam. Sentensi yako imevaa "ni", sawasawa na "karafuu hizi ni daraja la pili". Lakini daraja hukaguliwa kituoni, yakaisha. "Ndogo" inaning'inia: ndogo kuliko nini? Ukisema kuliko ya msimu uliopita, tutazame stakabadhi. Ukisema haitoshi kulipa palizi na wachumaji, tushike kalamu tupige hesabu. Ukikusudia kuliko anavyostahili mtu aliyeparamia mkarafuu tangu alfajiri, hapo umehukumu. Mwenzako kapatia, ila ile "tu" yake nayo ni hukumu: kadharau maoni yako kabla hajasikiliza hoja yako.

Wala dai la habari si lazima liwe kweli. "Pemba ilianza kupanda mikarafuu baada ya kimbunga cha 1872" ni dai la habari, na si kweli. Mikarafuu ilikuwepo; kimbunga kiliangamiza zaidi mikarafuu ya Unguja, ndipo Pemba ikashika uongozi.

Neno la hatari zaidi ni hilo hilo "lazima". Tazama: "Bei ikipanda Mombasa, lazima magendo yaongezeke." "Lazima bei ya mkulima iongezeke." Kitenzi ni kimoja, na umbo lake la mwisho ni lile lile, kwa hiyo sarufi haikusaidii. Ondoa "lazima", tia "-ta-". "Magendo yataongezeka": maana imebaki, kwani ulikuwa ukitabiri. "Bei ya mkulima itaongezeka": sasa unatoa ahadi ambayo hukuikusudia. Ya pili ilikuwa hukumu.

Mwanafalsafa David Hume wa Uskochi alilalamika mwaka 1740 kwamba watu huanza na yaliyopo, mara wakawa kwenye yanayopaswa, bila kueleza wamevukaje. Barazani kwetu huvukia kwenye "basi": "Uchumaji ni ghali, basi bei ipandishwe." Uchumaji ni ghali, sikatai. Lakini "basi" hiyo imemeza sentensi nzima, kwamba gharama za mkulima abebe mnunuzi. Itamke wazi, mwenzako apate la kujibu.