Kabla ya Kuandika Ripoti ya Uendelevu, Pitia Getini

Mdogo wangu uliyepangiwa kitengo cha uendelevu, kinachoripoti athari za kampuni kwa mazingira, kwenye kampuni kama yetu, inayowauzia mawakili na wahasibu taarifa za sheria na kodi, najua unachojiuliza. Hatuna kiwanda wala bomba la moshi, tuna kompyuta na viyoyozi tu hapa Posta, Dar es Salaam; sasa niandike nini? Mwaka wangu wa kwanza niliijaza ripoti picha za miche tuliyopanda Pugu, watu wamevaa fulana za kijani. Mteja mmoja wa Ulaya akajibu kwa swali moja: jenereta yenu ilichoma lita ngapi za dizeli? Nikabaki kimya.

Aliyeniokoa ni mzee wa getini. Alikuwa na daftari la kaunta, kurasa zimelowa mafuta, na kila umeme ulipokatika aliandika saa na lita zilizoingia. Wala si kwa kujali mazingira: aliwahi kusingiziwa wizi wa dizeli, akaapa hatasingiziwa tena. Lita moja ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dayoksaidi, kwa hiyo lita 400 tu zinakupa zaidi ya tani moja. Hiyo, kwa lugha ya GHG Protocol, mwongozo wa kimataifa wa kuhesabu gesi joto, ni Skopu 1: gesi unayoitoa mwenyewe moja kwa moja.

Skopu 2 ni umeme wa kununua. Kusanya risiti za LUKU, usome uniti. Ukiangalia shilingi tu utachanganyikiwa na kodi na makato. Halafu usichukue kizidisho (namba ya kuzidisha uniti ili upate kaboni) cha Uingereza mtandaoni, kama nilivyofanya mimi. Umeme wetu ni wa gesi na maji, na mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuzalisha mwaka 2024 hesabu za nyuma hazikufaa tena. Tafuta kizidisho cha gridi yetu, cha mwaka uleule unaouripoti.

Skopu 3, gesi inayotolewa na wengine kwa sababu ya kazi yako, ndiyo inayoumiza kichwa: mafungu 15. Safari za ndege, wenzako wanaopanda mwendokasi kutoka Kimara, seva tunazokodi nje ya nchi. Usijaribu kuyamaliza yote mwaka wa kwanza. Anza na seva na laptopu, kwa kuwa kazi yetu yote imekaa humo.

Na hizo laptopu chakavu zilizorundikana stoo, usikubali ziuzwe kwa fundi Kariakoo kabla diski hazijafutwa. Zina taarifa za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haitajali kwamba ulikuwa unapunguza taka. Mimi hili naliweka juu kuliko miche yote ya Pugu, ingawa bosi wangu hakubali.

Mzee wa getini bado yupo. Kila Januari nampelekea daftari jipya, na la mwaka huu ameomba liwe na jalada gumu, mafuta yasipenye.