Swali la lugha: Uwezo wa utando ni uwezo wa kufanya nini?

SWALI: Ninaandika ikisiri ya Kiswahili ya tasnifu yangu ya baiolojia. Nimeandika: "Tulipima uwezo wa utando wa mitokondria kwa kupaka seli rangi zinazong'aa." Rafiki yangu, mwalimu wa Kiswahili, ameisoma akacheka. Kosa liko wapi?

JIBU: Sarufi haina kosa. Kilichomchekesha, nadhani, ni "uwezo". Msomaji akifika hapo atangoja umalizie: uwezo wa kufanya nini? Wa kuchuja? Wa kuvutika? Kumbe wewe umetafsiri "potential" ya Kiingereza, na unazungumzia umeme. Mitokondria, vile viungo vidogo vinavyoipa seli nishati, husukuma protoni (chembe zenye chaji chanya) nje ya utando wake wa ndani, ndani kukabaki hasi, na tofauti ya pande hizo mbili hufika milivolti 150 hivi. Fundi redio wa mtaani kwako hiyo anaiita volteji, nawe iite hivyo. Taja na utando wenyewe, maana mitokondria ina tando mbili: "volteji ya utando wa ndani".

Kupaka nako. Ukuta hupakwa rangi, kucha hupakwa rangi. Kitambaa hutiwa, kwa kuwa rangi huzama kwenye nyuzi. Seli zako zimetiwa rangi. Na hapa kule kuzama ndiko kunakotoa kipimo: rangi kama TMRM ina chaji chanya, basi huvutwa na upande hasi wa ndani, na volteji ikishuka huvuja ikatoka.

"Zinazong'aa" ndilo gumu. Kiatu kilichopigwa kiwi hung'aa, lakini kinarudisha tu mwanga uliokiangukia. Rangi zako hufyonza mwanga wa rangi moja zikatoa wa rangi nyingine, kama alama za noti zinavyojitokeza keshia anapoiweka chini ya ile taa ya zambarau. Ningesema "zinazowaka zikimulikwa". Usiliache hilo "zikimulikwa": rangi ya kuwaka peke yake ni shati la mtu anayetaka aonekane harusini.

Kama ulitumia rangi iitwayo JC-1, volteji ikiwa juu molekuli zake hushikana na kuwaka nyekundu. Ikishuka hutawanyika zikawaka kijani. Unachosoma ni uwiano wa rangi hizo mbili, kwa hiyo andika "tulikadiria", labda uwe na namba za milivolti mkononi.

Mitokondria liache lilivyo, iwe moja au elfu. Wapo wanaotaka umoja wake uwe "mitokondrioni", lakini kwa Kiswahili hapo umeshaingia ndani yake, kama sokoni na nyumbani.