Gari Lilizimika Majini: Injini Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

SWALI: Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Ninanunua dagaa na sangara Kayenze na kuwapeleka mjini Mwanza kwa Land Cruiser mkonga (yenye bomba la kuvutia hewa lililoinuliwa juu) ya mwaka 1996, yenye injini ya dizeli ya 1HZ. Wakati wa mvua za Aprili nilivuka korongo lililojaa maji, na maji yalipofika juu ya boneti gari likazima katikati. Nilipiga stata mara kadhaa hadi likawaka, nikatoka. Tangu siku hiyo kila asubuhi linatoa moshi mweupe wenye harufu ya dizeli mbichi, linatetemeka, linagonga likiwa sailensi (injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta), na nilipokwenda Sengerema kupitia Daraja la J.P. Magufuli lilinishinda kwenye miinuko ambayo zamani halikuihisi. Fundi wa kwanza amesema metali (beringi zinazoshika krenki na konrodi) zimekwisha, wa pili amesema ni nozo (inayonyunyizia dizeli kwenye silinda), na wa tatu ananishauri ninunue injini nyingine. Nimwamini yupi?
Msomaji, Ilemela

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Kwa sasa usimwamini yeyote kati yao, kwa sababu katika maelezo yako hakuna hata mmoja aliyepima kitu. Wote wamesikiliza tu. Sikio la fundi mzoefu ni hazina, lakini nozo inayodondosha dizeli, metali zilizolegea na konrodi iliyopinda zote hugonga, na kutoka nje ya injini milio yake hukaribiana mno. Kabla ya lolote, naomba uliegeshe gari hilo. Dagaa wasafiri kwa gari la kukodi wiki hii, kwa maana kama ninachokishuku ni kweli, kila safari unayoifanya inaisogeza injini kwenye hatua ambayo haitatengenezeka tena.

Ninashuku kwamba maji yaliingia ndani ya silinda. Mkonga haulindi chochote ikiwa mpira wa kiungo chake pale kwenye madgadi umepasuka, na kwa gari la umri huo ni kawaida kuukuta umepasuka. Sasa tazama hesabu ya 1HZ. Injini hiyo ina ujazo wa sentimita za ujazo 4,164 katika silinda sita, na mgandamizo wake ni takribani 22 kwa 1, kwa hiyo pistoni inapofika juu kabisa, nafasi inayobaki katika kila silinda ni kama sentimita za ujazo 33 tu. Hiyo ni sawa na vijiko viwili vikubwa vya maji, na maji hayagandamiziki kama hewa. Yakizidi kiasi hicho, pistoni hukosa pa kwenda huku krenki (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni) ikiendelea kuisukuma, na kinachosalimu amri ni konrodi, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na krenki. Mara nyingi haikatiki, bali hupinda kidogo tu, injini ikawaka, na mwenye gari akamshukuru Mungu akaendelea na safari.

Kupinda huko kidogo kuna athari kubwa. Konrodi ikifupika kwa milimita 1 tu, mgandamizo wa silinda ile hushuka kutoka 22 hadi chini ya 19. Dizeli haina plagi ya cheche. Huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kwa hiyo asubuhi injini ikiwa baridi, silinda hiyo moja hushindwa kuichoma dizeli yake, na dizeli hiyo hutoka kwenye ekzosi ikiwa mvuke mweupe, na injini hutetemeka kwa kuwa inatembea na silinda tano. Dalili zako zote zinaingia humo, lakini zinaingia pia katika ubovu wa nozo, na ndiyo maana tunapima.

Anzeni kwa jambo lisilo na gharama. Injini ikiwa sailensi, fundi alegeze nati ya bomba la dizeli kwenye nozo moja, asikilize, aikaze, kisha ahamie inayofuata. Silinda ambayo ukiinyima dizeli mlio wa kugonga unabadilika au mtetemo hauongezeki, hiyo ndiyo yenye kasoro. Avae miwani na aweke kitambaa juu ya nati, kwa kuwa dizeli yenye msukumo wa pampu hupenya ngozi na kuingia mwilini. Na jambo hili lisifanywe kabisa kwenye injini mpya za dizeli zenye mfumo wa kielektroniki wa reli moja, ambazo msukumo wake ni mkubwa mara nyingi zaidi. Mkishaijua silinda, hamisheni nozo yake kwa jirani. Mlio huo ukiifuata nozo, fundi wa pili alikuwa sahihi na umeokoa fedha nyingi. Ukibaki palepale, tatizo lipo ndani.

Hatua inayofuata ni kupima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo wa kila silinda, na hapa ndipo injini nyingi za kwetu zinapohukumiwa kwa uonevu. Injini iwe imepata moto, hita plagi (za kupasha moto wakati wa kuwasha) zote sita zitolewe, solenoidi ya kuzimia (swichi ya umeme inayokata dizeli) iliyo kwenye pampu ichomolewe waya, betri iwe na nguvu, na kila silinda ipimwe kwa mizunguko ileile ya stata. Kisha usikimbilie kulinganisha na namba ya kitabu. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, na injini nzima kabisa itasoma hapa takribani sehemu moja ya kumi pungufu ya vile ingesoma Tanga au Dar es Salaam. Linganisha silinda na jirani zake. Silinda tano zikisoma karibu na kilo 30 kwa sentimita ya mraba na moja ikasoma 23, hiyo moja ina tatizo, haijalishi kitabu kinasema nini. Zote sita zikiwa chini kwa usawa, hapo ndipo uchakavu wa jumla unapoanza kuzungumzwa.

Weka oili kidogo sana, chini ya kijiko cha chai, katika silinda iliyo chini na uipime tena. Kipimo kikipanda vizuri, ringi, yaani pete zinazoziba kati ya pistoni na silinda, zimechoka. Kisipopanda, zimebaki valvu, gasketi au konrodi, na kuzitenganisha ni kazi ya kompresa. Pistoni ifikishwe juu kabisa kwenye mgandamizo, gia iwekwe ili injini isizunguke, kisha hewa isukumwe kupitia tundu la hita plagi. Ikisikika ekzosi au kwenye njia ya kuvutia hewa, valvu hazifungi. Ikitokea kwenye mfuniko wa oili, ni ringi. Rejeta ikitoa mapovu, ni gasketi au silinda hedi iliyopasuka. Na ikiwa kompresheni ni ndogo lakini hewa haivuji popote kuliko kwa jirani zake, jibu linalobaki ni kwamba pistoni haifiki pale inapotakiwa kufika. Hicho ndicho kipimo ninachokisubiri kwako.

Likithibitika hilo, silinda hedi ifunguliwe. Katika silinda nzima, utepe wa masizi ulio juu ya mwisho wa safari ya ringi huwa mwembamba; penye konrodi iliyopinda ni mpana zaidi, kwa sababu ringi haipandi tena hadi pale. Pistoni nayo hulala upande, ikaacha alama za kung'aa juu upande mmoja na chini upande wa pili. Fundi apime kimo cha pistoni zote sita kwa geji ya saa, si ile moja tu, kwani maji hayakuchagua silinda, na nyingine inaweza kuwa imepinda kwa kiasi ambacho bado hakijapiga kelele. Afungue pia sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kukata chujio la oili: vipande vyenye rangi ya shaba vitamaanisha kwamba metali nazo zimeumia.

Konrodi iliyopinda isinyooshwe. Najua zipo gereji zinazokubali kuinyoosha kwa presi, lakini chuma kilichokwisha kupinda hubaki na udhaifu, na siku kikikatika barabarani hutoboa bloku. Nunua konrodi, badilisha metali na ringi, kagua pistoni na krenki, na injini yako itaendelea kufanya kazi. Ushauri wa kununua injini iliyotumika haujanishawishi, kwani nayo utaikuta sakafuni Nyakato, hapa Mwanza, bila historia, na utalazimika kuipima vilevile.

SWALI: Prado yangu yenye injini ya 1KZ-TE inapunguza maji bila kuvuja popote, na asubuhi mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu kabla hata sijawasha. Huwa naongeza maji ya ziwani. Je, ni gasketi?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Mpira kuwa mgumu injini ikiwa baridi ni ishara nzito kwamba gesi ya mwako inaingia kwenye njia ya maji. Yaweza kuwa gasketi, lakini silinda hedi ya aluminiamu ya 1KZ inajulikana kwa kupasuka, hivyo usikubali ibadilishwe gasketi peke yake. Hedi ipelekwe kwa mafundi wa mashine, izibwe, ijazwe hewa na kuzamishwa kwenye maji ya moto, maana nyufa nyingine hufunguka kwa joto tu. Maji ya ziwani bila kuluwanti (dawa ya maji ya rejeta) hutia kutu na tope kwenye njia nyembamba, na joto linalotokana na hapo ndilo linaloipasua hedi. Safisha rejeta na ujaze kuluwanti kabla hedi nyingine haijafungwa.