Taa ya UV haipenyi maji machafu

Kaka uliyeuliza kama taa ya UV (mwanga wa urujuanimno, usioonekana kwa macho) inaweza kuchukua nafasi ya klorini ya kudhibiti vijidudu kwenye majitaka ya lodge yenu: inaweza, ila si kwa hayo maji ya rangi ya chai uliyoyaeleza. Mwanga wa taa hiyo, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254, unaharibu DNA ya kijidudu kisiweze kuzaliana. Kikijificha nyuma ya chembe ya uchafu, mwanga haukigusi. Chujeni kwanza kwa mchanga.

Halafu kuna kile kioo kinachofunika taa. Baada ya muda kinashika ukoko mweupe kama ule wa ndani ya birika. Taa inawaka vizuri, mnadhani mambo shwari, kumbe mwanga hautoki. Kioshweni kwa asidi ya sitriki (hata siki inasaidia), umeme ukiwa umezimwa, maana mwanga huo unaunguza macho.

Faida kubwa ya UV ni kwa vimelea vya kriptosporidiamu (vinavyosababisha kuhara), ambavyo klorini haiviwezi. Kasoro yake, haiachi kinga yoyote majini. Tanki la kuhifadhia likiwa chafu, mmerudi mlikoanzia. Na umeme ukikatika fungeni vali, maji yasipite.