Shayiri isiishie Ramadhani

Huku Lamu, Ramadhani ikikaribia shayiri hujaa madukani, supu yake ikapikwa mwezi mzima, na Idi ikipita tunairudia sahani ya wali na mahamri. Mimi naomba ibaki jikoni mwaka mzima, hasa kama nyumbani mna mgonjwa wa sukari au aliyeambiwa kolesteroli imepanda.

Itazame inapochemka. Maji hugeuka mazito, na ukiteka kwa upawa yanavutika. Utelezi huo ni nyuzinyuzi za aina ya beta-glukani, zilizomo pia kwenye oti. Tumboni nako hukifanya chakula kiwe kizito, wanga ukameng'enywa polepole na sukari ikaingia kwenye damu kidogo kidogo. Tena hunasa nyongo ikatoka na choo, na ini likachukua kolesteroli ya damuni kutengenezea nyongo nyingine. Gramu 3 za beta-glukani kwa siku zinatosha kusaidia kushusha kolesteroli. Marekani iliruhusu jambo hilo liandikwe kwenye pakiti za oti tangu 1997. Basi jamani, msimwage yale maji! Huniuma nikiona yanachujwa.

Beta-glukani imeenea hadi ndani ya punje, kwa hiyo hata shayiri iliyokobolewa bado inafaa. Ngano na mahindi sivyo: nyuzinyuzi zake nyingi zimo kwenye ganda, na pumba zikitupwa zimekwenda nazo. Gramu 100 za unga mweupe wa ngano zina gramu 3 hivi, za ngano nzima hukaribia 11. Hizo za ganda hushika maji na kulainisha choo. Mwenye choo kigumu ale chapati za ngano nzima, ugali wa mahindi yasiyokobolewa, au mkate wa mofa wa mtama akibahatika kuupata.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, ila usizikimbilie. Bakteria wa utumbo mpana huzichachua, na tumbo lisilozoea hujaa gesi. Mama yangu nilimwanzishia kibakuli kimoja baada ya magharibi, na maji ya kunywa kwa wingi. Sasa akiikosa huiulizia. Anayetumia dawa za sukari amwambie daktari kabla ya kubadilisha mlo. Mwenye maradhi ya siliaki, yaani utumbo wake hudhurika kwa gluteni, protini iliyomo kwenye nafaka hizi, asile shayiri wala ngano, mtama ndio wake.

Mimi huiloweka usiku, nikaipika na nyama ya mbuzi, thomu na tangawizi mpaka punje zipasuke. Ndimu hukamuliwa mezani.