Kiti cha mbele ni cha nani?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi Columbus, Ohio, na kazi yangu hunipandisha ndege karibu kila wiki. Kwa miaka sita nimeshikamana na shirika moja, hata pale nauli ya mashirika mengine ilipokuwa nafuu, kwa sababu wenye hadhi yangu ya msafiri wa mara kwa mara huahidiwa kuhamishiwa daraja la kwanza bila malipo nafasi zikibaki. Mwezi uliopita nilikuwa wa pili katika orodha ya kusubiri, na viti viwili vilikuwa wazi hadi asubuhi ya safari. Nilipofika uwanjani, vyote vilikuwa vimekwisha kuuzwa kupitia simu. Mmoja wa walionunua aliniambia kwenye foleni kwamba aliongeza dola 60 tu, na kwamba hiyo ilikuwa safari yake ya kwanza na shirika hilo. Je, hii ni haki? Na sheria inanilinda?

JIBU: Ndugu msomaji, aliyelipia kiti hana kosa, wala sioni dhuluma katika shirika kuuza kiti chake kabla ya kukitoa bure. Kinachonisumbua ni kwamba bei ile ya dola 60, kwa jinsi unavyoeleza, haikufika kwanza kwa watu waliokuwa wakisubiri kwenye orodha. Shirika lililochukua uaminifu wako kwa miaka sita lingeweza kukuuliza wewe kabla ya kumuuliza mgeni, na jambo hilo lisingeligharimu hata senti moja.

Shirika la American Airlines lilipoanzisha AAdvantage, mpango wake wa kuwatunza wasafiri waaminifu, mwaka 1981, kilichohesabiwa kilikuwa maili ulizosafiri. Baadaye desturi ya kuwapandisha daraja wasafiri wa mara kwa mara ilikua kwa urahisi, kwa kuwa kiti kilichoruka kitupu hakikuwa na faida kwa mtu yeyote. Siku hizi shirika linaweza kukitangaza kiti hicho kwenye simu ya kila abiria hadi saa za mwisho, na likishapata mnunuzi, kinachobaki kwa orodha ni kidogo sana. Hesabu ya uaminifu nayo imegeuka: mashirika ya Delta na United tangu mwaka 2015, na American tangu 2016, yalianza kugawa maili, yaani pointi za zawadi, kwa kiasi cha fedha ulicholipa badala ya umbali uliosafiri. Mnamo Septemba 2023 Delta ilitangaza kwamba hadhi itapatikana kwa matumizi ya fedha peke yake. Wateja walilalamika kwa nguvu hata mkuu wake, Ed Bastian, akakiri kwamba shirika lilikuwa limepita kiasi, na baadhi ya masharti yakalegezwa.

Kuhusu sheria, jibu langu halitakufurahisha. Sisi husema ahadi ni deni, lakini mahakama huuliza kwanza ahadi hiyo iliandikwaje. Katika kesi ya shirika la ndege la Northwest dhidi ya Ginsberg, msafiri huyo, aliyeondolewa katika mpango wa uaminifu wa shirika mwaka 2008, alidai kwamba hakutendewa kwa nia njema. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Sheria ya Kulegeza Udhibiti wa Mashirika ya Ndege ya mwaka 1978 inazuia dai la namna hiyo. Mlango uliobaki ni ule uliofunguliwa na kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens ya mwaka 1995: unaweza kudai kile ambacho mkataba wenyewe umekitamka. Maneno "nafasi zikibaki" ni kinga kubwa kwa shirika, kwa sababu kiti kilichouzwa hakikubaki.

Hata hivyo, usinyamaze. Soma masharti yaliyokuwepo siku ya safari yako, uyahifadhi, kisha utazame kama yanasema popote kwamba orodha itahudumiwa kabla ya mauzo ya siku ya mwisho. Yakisema hivyo, una dai la kweli. Yasiposema, liandikie shirika ukilitaka liwape wenye hadhi nafasi ya kwanza ya kununua kwa bei ileile, na usipojibiwa ipasavyo, peleka malalamiko Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, ambayo ina mamlaka ya kuchunguza mienendo isiyo ya haki ya mashirika ya ndege, mipango hii ikiwemo. Na safari ijayo, kabla ya kulipa nauli ya juu kwa kutarajia kiti cha mbele, fungua simu yako uone kinauzwa kwa kiasi gani.