Fundi, nichukue ya Japani au hii ya wati 1000?

*Assalaam alaykum Fundi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli, naishi Wete. Marehemu baba ameniachia santuri za taarab na za Umm Kulthum, mashine ya kuzipigia, na spika mbili za mbao zilizoandikwa nyuma omu 8, desibeli 89. Amplifaya yake imekufa. Kijana wangu kaenda Unguja, Darajani, kaonyeshwa mbili kwa bei moja. Ya kwanza kuukuu, imetoka Japani, nzito, imeandikwa wati 45 kila upande na 100V. Ya pili mpya, inaingia mkobani, ina Bluetooth na tundu la AUX tu, imeandikwa wati 1000, adapta yake 24V 5A. Ukumbi wangu ni futi 12 kwa 15. Nichukue ipi?*

Waalaykumu salaam, Mwalimu. Chukua ya Japani, lakini mwambie kijana asiichomeke ukutani mpaka umalize kusoma jibu hili.

Hizo wati 1000 tuzimalize kwanza. Piga hesabu: volti 24 mara ampea 5 ni wati 120, na huo ndio umeme wote unaoingia. Hakuna sanduku linalotoa kuliko linavyokula. Tena kwa spika za omu 8, volti 24 hazikupi zaidi ya wati 36 safi kila upande. Sisemi ni mbovu. Aina hii hula umeme kidogo, haipati moto sana, na anayesikiliza kwenye simu inamtosha. Uongo uko kwenye kibandiko.

Na wati zenyewe zisikuhangaishe. Spika ya desibeli 89 maana yake ukiipa wati 1 tu, ukakaa mita moja mbele yake, unapata desibeli 89 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na hapo mazungumzo ya ukumbini yameshakuwa tabu. Kutoka wati 45 kwenda 90 unaongeza desibeli 3 basi. Ukitaka sikio lione sauti imekuwa mara mbili, utie wati mara kumi. Ile NAD 3020 iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1970 iliandikwa wati 20 kila upande, na mpaka leo watu wanaitafuta.

Kinachoamua kwako ni santuri. Sindano ya kawaida hutoa milivolti 5 hivi, wakati mashine ya CD hutoa kama volti 2. Ndiyo maana amplifaya za zamani kama hiyo ya Japani kwa kawaida huwa na tundu la peke yake la santuri, PHONO, na pembeni skrubu ndogo ya GND ya kufungia waya wa ardhi. Tundu hilo hukuza sauti na kuirudishia besi iliyopunguzwa santuri ilipokatwa. Ukiichomeka mashine yako kwenye AUX, tundu la vyombo vya sauti kubwa kama CD, utasikia fidla kwa mbali, nyembamba, na besi hutaiona kabisa. Kipo kikuzaji cha kununua pembeni, lakini hapo urahisi wa ile ndogo umeshakwisha. (Kama zimo santuri za zamani za mizunguko 78, za enzi za Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay 1928, hizo zinataka sindano nene zaidi. Usizipigie hiyo ya kawaida.)

Sasa 100V. Umeme wetu ni volti 230. Ukiichomeka hivi hivi, bakhti njema fyuzi inakatika, bakhti mbaya transfoma inaungua, na mara nyingi kuisuka upya hakulipi. Nunua transfoma ya kushushia, na uangalie itoe 100, maana nyingi madukani zinatoa 110 na amplifaya ya Japani itachemka bure. Ukubwa wake uwe angalau mara mbili ya wati za matumizi zilizoandikwa mgongoni.

Dukani, kijana aombe iwashwe kwa transfoma hiyo, aende na spika na simu. Ikiwaka asubiri sekunde chache, nyingi husikika “tak” ndani. Hiyo ni rilei, swichi ya ndani inayofungulia spika. Kisha sauti aiweke chini kabisa, ya kunong'ona, asikilize upande mmoja mmoja. Ikiwa upande wa kushoto haupo, ukiongeza sauti unarudi, ukipunguza unapotea tena, basi ncha za rilei zimeshika kutu. Huo si ugonjwa wa kufa, ila bei ishuke. Kitufe cha sauti kikikwaruza ni uchafu, dawa ya kupuliza inatosha. Lakini ikivuma “mmm” hata sauti ikiwa sifuri, hapo pana kapasita, vile vikopo vya ndani vya kuwekea umeme, zilizochoka. Airudishe.

Nyumbani, iweke mbali na dirisha la upepo wa bahari, chumvi inakula matundu. Na khasa nakuomba, mwambie mama watoto kile kitambaa cha kufuma kisikae juu yake ikiwa inapiga, maana matundu ya hewa yako hapo juu. Transfoma ipitie kile kifaa cha kulinda friji, kinachongoja dakika chache umeme ukirudi.

*Fundi, mume wangu kaambiwa waya wa spika lazima uwe wa bei kubwa. Ni kweli? — Msomaji, Kiembesamaki*

Si kweli, dada. Kwa mita tano, waya wa shaba wa milimita 1.5 wa duka la vifaa vya umeme unatosha. Ila ukwangue kwa kisu kabla hujalipa: ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba.